Nyumba ya wageni ukingoni mwa Usambara: je, mafao ya kustaafu yaingie huko?

*"Mtaalamu, habari za kazi. Mimi ni mwenyeji wa Lushoto, upande wa Mtae, ila kazi yangu yote nimeifanyia Dar es Salaam. Mwakani nastaafu. Marehemu baba alituachia ekari tatu na nusu ukingoni kabisa mwa mlima. Ukisimama pale unaiona tambarare ya Mkomazi yote chini yako. Bondeni mdogo wangu analima kabichi na viazi. Nataka kujenga vyumba kumi vya wageni vyenye vioo vinavyotazama chini, nikate ile miti iliyoziba mandhari. Benki iko tayari kunikopesha milioni 150, na mimi niongezee mafao yangu. Mdogo wangu hataki, anasema utalii kwetu haujawahi kumlisha mtu. Mimi naona kilimo ndicho kilichotuweka kwenye umaskini: kabichi inaozea barabarani, bei anapanga dalali. Watalii wanajaa Moshi na Arusha, kwa nini wasije kwetu? Nisaidie kuamua."*

Mzee wangu, shikamoo, na hongera kwa kuukaribia mwisho wa utumishi salama. Nimeisoma barua yako zaidi ya mara moja. Hofu yako naielewa hivi: una fedha ambazo hazitakuja tena, una ardhi nzuri ambayo unaona haizai, na una ndugu ambaye mnaelekea kukosana naye. Jibu langu fupi ni kwamba usichukue ule mkopo na usiikate ile miti. Wageni lakini usiwakatie tamaa, na mdogo wako usimwone mpinga maendeleo. Niruhusu nieleze kwa nini.

Nianze na swali la Moshi na Arusha, maana wengi huliuliza. Watu wa Lushoto wengi wanaamini kwamba watalii hawaji kwa sababu hawajatangaziwa. Matangazo yanasaidia, ila tofauti kubwa iko kwenye namna milima yenyewe inavyotumika. Anayepanda Kilimanjaro hana budi kulala mlimani angalau usiku nne, hana budi kulipa hifadhi, na hana budi kuwa na kiongozi. Mlima ule una lango, na kila anayepita langoni anaacha fedha. Arusha nayo ndiyo mlango wa Tarangire, Ngorongoro na Serengeti, na uwanja wa ndege wa Kilimanjaro uko jirani. Mgeni mwenye siku kumi akishapanga hayo mawili na Zanzibar, siku zimekwisha. Kuja kwenu ni lazima ashuke barabara kuu mpaka Mombo, apande kona za Soni hadi Lushoto, kisha aendelee tena mpaka Mtae. Hiyo ni siku nzima ya safari, na akifika hakuna kinachomlazimu kulala. Anaweza kutazama, akapiga picha, akaondoka.

Katika maeneo madogo ya milimani, hilo la mwisho ndilo linaloamua nani anapata na nani anakosa. Wingi wa wanaofika haulishi kijiji. Kinacholisha ni idadi ya usiku wanaolala, na kiasi cha shilingi kinachobaki mlimani baada ya wao kuondoka. Mgeni anayeshuka kwenye gari, anasimama ukingoni dakika ishirini na kurudi Lushoto mjini amekupa vumbi tu. Na mgeni anayelala, akala kuku wa shemeji yako, akatembezwa na kijana wa hapo kijijini, akafuliwa nguo, anakuwa amelipa nyumba nne kwa siku moja.

Sasa tuangalie ni nani hasa anayefika huko, maana si mtu mmoja. Lushoto mjini wapo watu wa semina, wapo wazazi wanaokwenda kwenye Chuo cha Uongozi wa Mahakama, zipo familia za Dar es Salaam na Tanga zinazokimbia joto la Desemba. Hawa ni wateja wazuri, ila wengi huishia mjini na Irente, ukingo wa kutazamia mandhari ulio karibu na mji. Upande wako wa Mtae hufika hasa watembeaji kwa miguu: wanatoka Lushoto, wanapita Lukozi, wengine wanalala kwa masista wa Rangwi, na Mtae ndiyo mwisho wa safari yao. Wanafika wamechoka, wanalala, na alfajiri wanapanda basi kushuka. Usiku mmoja. Wapo pia watazamaji wa ndege. Usambara ina ndege wasioonekana popote pengine duniani, na mtu wa namna hiyo anaweza kukaa siku nne akimsubiri ndege mmoja mdogo. Wengi wao huenda Magamba, na upande wa mashariki Amani, kwa sababu misitu ndiko iliko. Hesabu ya vyumba kumi inahitaji watu wengi zaidi ya hawa.

Tuifanye hesabu yenyewe. Vyumba kumi vinaweza kulalwa mara 3,650 kwa mwaka. Tuchukulie unapata asilimia 20, ambayo kwa nyumba mpya iliyo mwisho wa barabara si mbaya, yaani mara 730. Kwa shilingi 60,000 kwa usiku unaingiza milioni 43.8. Kama riba ni asilimia 16, mkopo wa milioni 150 mwaka wa kwanza unadai riba ya milioni 24 peke yake. Zimebaki milioni 19.8. Wafanyakazi wanne kwa laki mbili kwa mwezi ni milioni 9.6. Zimebaki milioni 10.2, na bado hujanunua chakula, sabuni, gesi, hujalipa umeme, leseni na kodi, hujabadilisha kioo kilichovunjika. Na deni lenyewe hujaligusa: ukitakiwa kulimaliza kwa miaka saba, ni zaidi ya milioni 21 kila mwaka. Badilisha namba zangu uweke zako, lakini uziweke kwa unyoofu. Ukijikuta unahitaji asilimia 50 ya vyumba kujaa ili tu kumlipa mwenye benki, jua unaweka rehani shamba la ukoo kwa kutegemea wageni ambao bado hujawaona.

Kuna jambo la msimu ambalo nadhani hukulipima, kwa sababu yamkini wewe mwenyewe hurudi nyumbani Desemba, wakati wa joto. Upepo wenye unyevu hutoka Bahari ya Hindi, ukigonga milima hupanda, na hewa inayopanda hupoa; kwa wastani joto hupungua takriban nyuzi sita kila mita 1,000 unazopanda. Ndiyo maana Mombo, iliyo kama mita 400 juu ya bahari, ni joto la kutoa jasho, na Lushoto, iliyo kama mita 1,400, watu wanavaa sweta. Unyevu uliopoa huwa mawingu, mawingu huwa mvua, na upepo ukishavuka milima umekauka. Ndiyo sababu tambarare ya Mkomazi unayoitazama ni nyika kavu. Ninyi mko kwenye mpaka wa pande hizo mbili. Basi Juni, Julai hadi Agosti, wageni wa kutoka Ulaya wanapomiminika nchini, ndipo ukungu na baridi vinapokaa Usambara. Asubuhi nyingi dirisha lako la kioo litaonyesha weupe mtupu. Aprili mvua za masika zinanyesha, na barabara ya udongo utelezi wake unaujua. Mandhari yako ni halisi na ni nzuri sana, lakini haipo kila siku, na nyumba iliyojengwa kwa ajili ya mandhari peke yake haina cha kumpa mgeni siku ya ukungu.

Hapo ndipo ninapotaka kumtetea mdogo wako.

Unasema kilimo ndicho kilichowaweka kwenye umaskini. Naomba nikupinge kwa heshima. Baridi hiyo hiyo inayomvuta mtu wa Dar es Salaam ndiyo inayootesha kabichi, karoti, viazi mviringo, fulisi na plamu ambazo mkulima wa Pwani hawezi kuzipata shambani kwake. Hiyo ni faida ambayo maumbile yamewapa na hakuna wa kuwanyang'anya. Kasoro iko baada ya kuvuna. Wote mnavuna wiki moja, wote mnashusha kwa barabara ile ile, mvua ikileta maporomoko ya udongo barabara inafungwa, mzigo hauna pa kuhifadhiwa, na mnunuzi anajua kwamba kabichi haiwezi kusubiri. Juu ya hapo anataka gunia lijazwe lumbesa, mpaka kilele kishonewe kwa kamba, na kilele hicho halipii. Hapo hata ungekuwa na shamba la dhahabu ungetoka na hasara. Ugonjwa wenu ni wa soko na usafiri, na mgeni anayelala ni dawa mojawapo: kabichi anayoila mezani kwako haipandi lori, haipiti kwa dalali, haina lumbesa.

Chukua bili ya mgeni mmoja uichambue. Soda na bia zimetoka chini. Saruji, bati, vioo, godoro na gesi vimetoka chini. Ukijenga kifahari, sehemu kubwa ya anacholipa inarudi huko huko chini, na nyingine inakwenda benki. Kinachobaki mlimani ni maharage, maziwa, mayai, kuku, asali, matunda, kuni na mikono ya watu. Kwa hiyo shamba la mdogo wako ndilo litakaloamua kama nyumba yako ya wageni inaleta faida au inapitisha fedha tu. Ukimwondoa bondeni ili umfanye mlinzi wa getini, umekata chanzo cha faida yako mwenyewe.

Milima yenu imeshaonja hasara ya aina hii. Mwaka 1892 mtawala wa Kijerumani, Walter von Saint Paul-Illaire, aliliona katika misitu ya Usambara ua dogo la zambarau lenye majani yenye vinyweleo laini, linaloota kwenye mawe ya kivulini. Alipeleka Ujerumani, likapewa jina lake, Saintpaulia, na leo linakaa kwenye vyungu madirishani mwa nyumba za Ulaya na Marekani kwa mamilioni. Biashara hiyo kubwa ilikuzwa kwenye vitalu vya nchi nyingine, huku porini lilikotoka ua lenyewe likizidi kuwa adimu kila msitu unapofyekwa. Mlima ulitoa mali, malipo yakakaa kwingine. Nyumba ya wageni inaweza kufanya vivyo hivyo hata kama mwenye nayo ni mzaliwa wa hapo.

Na wazee wenu wa Kisambaa walilijua somo la kutotegemea kitu kimoja. Vijiji vingi vya zamani viliwekwa karibu na ukingo, na ulinzi haukuwa sababu pekee. Mtu aliyekaa ukingoni alikuwa na migomba yake juu kwenye ubaridi na mvua, na angeweza kushuka nyikani kulima mazao ya joto na kuwinda. Huku kukikosa, kule kunaokoa. Mdogo wako anapokataa kuweka kila kitu kwenye vyumba kumi, sidhani kama anaogopa mabadiliko. Anaufuata utaratibu ulioyafanya maisha ya mlimani yawezekane kwa vizazi.

Sasa miti. Hapa nitasema kwa ukali kidogo, mzee wangu, maana ni suala la uhai wa watu. Usambara ni sehemu ya safu ya milima mikongwe inayoanzia Taita, Kenya, na kushuka mpaka Udzungwa. Mwamba wake ni wa kale mno na juu yake pana udongo mwekundu mzito, uliooza taratibu kwa muda mrefu. Udongo huo ukilowa unakuwa mzito na unateleza, na kinachoushika ukingoni ni mizizi. Ukikata miti, mizizi haiachii siku hiyo hiyo. Inaoza pole pole, na maporomoko yanaweza kuja miaka kadhaa baadaye, ukiwa umeshasahau kwamba pale palikuwa na miti. Halafu wewe unataka kuongeza vyumba kumi, yaani mapaa yanayomwaga mvua sehemu moja, na mashimo ya maji machafu ya bafu kumi yakinywesha udongo ule ule kila siku ya mwaka. Mtu akiniuliza nyumba za ukingoni huanguka kwa nini, jambo la kwanza ninalouliza ni maji ya choo na ya bati yanaelekea wapi.

Kama unataka mandhari, punguza matawi ya chini ya miti miwili mitatu, uache mashina na mizizi. Utapata dirisha la kutosha, na wale watakaokuja kutazama ndege watakushukuru, kwani wao hutazama miti kabla ya tambarare. Hata kwa mti uliopandwa na baba yako, uliza kwanza ofisi ya misitu ya halmashauri kuhusu kibali.

Ningekuwa mimi, ningefanya nini? Ningeitengeneza nyumba ya marehemu baba, kama kuta zake bado nzima. Vyumba viwili safi, vitanda imara, blanketi nzito, maji ya moto ya ndoo, choo kisicho na harufu, na sebule yenye jiko la mkaa la kuotea moto, lenye bomba la kutolea moshi, kwa ile siku ya ukungu. Hivyo viwili vikilalwa kwa asilimia 20 ile ile ni mara 146 kwa mwaka. Kwa shilingi 40,000 unaingiza milioni 5.84 bila deni la mtu. Si utajiri, na sitakudanganya kwamba utasomesha wajukuu kwa hizo. Lakini utajifunza nani anakuja, mwezi gani, na analalamikia nini, na kila shilingi itakuwa yako.

Kazi yako kubwa itakuwa kumfanya yule mtembea kwa miguu asipande basi la alfajiri. Mpe sababu ya usiku wa pili: ashuke bondeni na mdogo wako wakati wa kuvuna, aone matuta na mifereji ya maji inavyofanya kazi, ale chakula cha Kisambaa kilichopikwa vizuri, asikie historia ya Kimweri, mfalme wa Wasambaa, na Vuga, mji wake mkuu, kutoka kwa mzee anayeijua. Zungumza na viongozi wa watembeaji walioko Lushoto mjini, kwa kuwa hao ndio wanaopanga mgeni alale wapi. Lushoto ni miongoni mwa sehemu za mwanzo zilizoingia kwenye utalii wa kitamaduni wa miaka ya 1990, ulioanzishwa na Bodi ya Utalii kwa msaada wa shirika la SNV la Uholanzi, kwa hiyo njia zipo na watu wenye uzoefu wapo. Usianze kushindana nao.

Jambo moja wanaume tunalisahau: atakayeamka saa kumi kuwasha moto na kukanda chapati ni shemeji yako. Mpangie malipo yake tangu siku ya kwanza, apewe mkononi mwake. Nimeona nyumba za wageni za familia zikifa kwa sababu mama wa nyumba alichoka kufanya kazi ya bure, na mwenye mradi yuko Dar es Salaam anashangaa.

Sehemu ya mafao ambayo ungejengea kuta, ndogo tu, ingefaa kwenye kile kinachomuumiza mdogo wako. Banda la kivuli la kuhifadhia viazi, tangi la kuvunia maji ya mvua, mbegu za mboga zinazokomaa nje ya wiki ambayo kila mtu anavuna. Au plamu na fulisi, ambazo zikikaushwa au kupikwa jamu hazina haraka ya kufika Kariakoo. Mimi naliona hili kuwa na uhakika zaidi kuliko chumba cha tatu, sembuse cha kumi.

Kabla hujanunua hata mfuko mmoja wa saruji, yako mambo ambayo barua haiwezi kuyamaliza. La kwanza, mpeleke mhandisi anayejua miteremko akanyage pale kwa miguu yake, na aende mwezi wa masika. Mwonyeshe nyufa zozote za ardhi zinazofuata ukingo, miti iliyoinama kuelekea chini, na mahali panapotoka maji wakati wa mvua. Ukiwa umeviona hivyo vyote pamoja, usilaze mtu yeyote pale hata kwenye hema.

La pili, nenda ofisi ya ardhi ya halmashauri na kwenye serikali ya kijiji mkiwa wote, ndugu na dada zako. Uliza kama kuna hatimiliki ya kimila chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, na imeandikwa kwa jina la nani. Kama ni ardhi ya ukoo na benki imeshaitaka iwe dhamana, mwone mwanasheria kabla hujatia saini. Kama una dada aliyeolewa mbali, naye asikilizwe hapo.

La tatu ni maji. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia ujenzi na shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, na ukitaka kuvuta maji ya kijito kwa biashara, Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani ndiyo inayotoa kibali, hata kwa upande wenu unaomwagia mto Umba. Leseni ya biashara ya malazi nayo anza kuiulizia halmashauri hiyo hiyo, hata kwa vyumba viwili.

Benki waambie unaomba muda. Kisha nenda nyumbani Julai, si Desemba, ukae wiki mbili kwenye baridi na ukungu pamoja na mdogo wako, mhesabu pamoja wageni wangapi wanashuka kwenye njia ya Rangwi. Ukipata majibu ya mhandisi niandikie tena, tutaangalia mahali pa kuweka choo.